Usiku wa Kwanza Wodini

Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi halii. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia muuguzi mgeni wa wodi ya watoto, kwa sababu wodi huendeshwa kwa sauti. Mwenye degedege hupigiwa kelele na mama yake, mwenye malaria hulia kwa homa, aliyevunjika mkono husikika tangu getini. Huyu mwingine amelala pembeni ya kitanda, macho wazi, hataki kuchezewa wala kushikwa, na mama yake naye kanyamaza kwa sababu anaona aibu. Kwenye foleni ya mapokezi wawili hawa hupitwa na kila mtu. Nimeona watoto waliokaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana bila kuonjeshwa hata maji ya sukari. Kwa mtoto wa namna hiyo, muda wote huo bila chakula unatosha kumuua.

Nilifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimalizia wodi ya watoto. Vitanda vya utapiamlo havikuwa vitupu hata msimu wa mavuno. Watu huniuliza: utapiamlo Tanga, penye machungwa, nazi na samaki? Ndiyo, Tanga. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine, kisha akawekwa kwenye uji wa makopa asubuhi na jioni, anajaa tumbo huku mwili ukikosa kila kitu. Na si Tanga tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Iringa ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Kudumaa si utapiamlo mkali, lakini takwimu hiyo inatosha kumzuia mtu asiangalie ghala la familia akadhani ameshajua hali ya mtoto.

Watoto wa utapiamlo mkali wanakuja wa aina mbili. Kuna aliyekauka: mbavu zinahesabika, uso umekuwa wa kizee, ngozi ya matako imelegea na kujikunja. Huyo kila mtu anaona kuwa ni mgonjwa. Mwingine huja amevimba, na huyo ndiye anayedanganya macho. Mashavu yamejaa, miguu minene, majirani wanamsifu mama kwamba mtoto ananenepa. Ukibonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, ukahesabu mpaka tatu, ukaondoa kidole, shimo linabaki pale pale. Nywele zimegeuka nyekundu-nyekundu na nyepesi, ukizivuta zinatoka mkononi bila mtoto kushtuka. Ngozi ya mapajani inabanduka na kuacha nyama mbichi. Hiyo ndiyo kwashiakoo, wengine huiita unyafuzi. Kumtambua hakuhitaji mashine. Miguu yote miwili ikivimba hivyo, inatosha. Utepe wa kupima mkono nao unatosha: mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, hata kama anatembea.

Hatari yake huanza kabla hajafika kwetu, na mara nyingi huanzia kwenye midomo ya watu. Kwetu pwani, mtoto aliyekonda au kuvimba husemwa amebemendwa. Maana yake wazazi wamevunja mwiko: wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao katoka nje ya ndoa. Mama anayebebeshwa tuhuma hiyo haendi kliniki kichwa juu. Atapelekwa kwa mganga kwanza, mtoto ataogeshwa majani na kunyweshwa mitishamba, na wiki zitapita.

Namkumbuka mama mmoja, binti mdogo tu, mtoto wake wa kwanza. Alikuja na mama mkwe, na kila swali nililomuuliza alilijibu mkwe. Mkwe alipotoka kwenda kununua chai, binti akaniambia kwa sauti ya chini, “Sista, wanasema mimi ndiye nimembemenda. Baba yake hataki hata kumshika.”

Nikamjibu, “Mwanangu, mtoto huyu amekosa chakula cha kujenga mwili, na ndani ana maambukizi. Hakuna ulichokifanya kilichomvimbisha miguu.”

Aliporudi mkwe nilimwita pembeni. “Bibi, shikamoo tena,” nikamwambia, “nakuomba unisaidie kazi. Huyu mjukuu wako anatakiwa anywe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na huyu binti peke yake hawezi. Wewe shika zamu ya usiku.” Bibi alikaa. Ugomvi wa nani kambemenda nani haukuisha siku ile, lakini mtoto alipata mtu wa pili wa kumwangalia. Tangu hapo kila mkwe mkali aliyeingia wodini nilimtafutia kazi mapema.

Sasa huo usiku wa kwanza. Vifo vingi vya watoto hawa hutokea siku za mwanzo, tena za mwanzo kabisa, na ukiuliza wauguzi watakwambia ni alfajiri. “Sista, mtoto kabadilika.” Kila aliyefanya zamu ya usiku anaijua sentensi hiyo. Unafika, unakuta mikono ya baridi, kope zimeshuka nusu, pumzi za mbalimbali. Mchana alikuwa anakunywa. Kilichotokea katikati ni kwamba mlo wa saa nne usiku ulichelewa, wa saa sita mama alikuwa amelala kwa uchovu, wa saa nane nesi mmoja mwenye wagonjwa arobaini alikuwa anapokea mtoto wa degedege. Mwili usio na akiba ya sukari wala mafuta hauwezi kuvuka pengo hilo. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3 kwa lita, joto nalo hushuka, na mtoto anazimika kimya kimya vile vile alivyokuja.

Tiba ya pengo hilo inapatikana kila nyumba. Kijiko cha chai kilichojaa sukari, ndani ya vijiko vitatu na nusu vya chakula vya maji, mtoto anyweshwe au apewe kwa mrija wa puani, kisha maziwa yafuate. Kipimo cha sukari kisipokuwepo, hasubiriwi kupimwa. Anatibiwa kama mwenye sukari iliyoshuka. Na joto: mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga na blanketi juu yao wote wawili. Asiogeshwe usiku. Nepi iliyolowa ibadilishwe papo hapo. Dirisha la upande wa kitanda chake lifungwe. Naandika haya kwa kirefu kwa sababu ni madogo mno kuingia kwenye ripoti za vifo, na ndiyo yanayookoa.

Maziwa yenyewe ni F-75. Jina ni la hesabu tu, kwamba mililita 100 zina kilokalori 75, na protini yake imepunguzwa makusudi. Yasipokuja ya pakiti, jiko la hospitali linaweza kuyatengeneza: maziwa freshi mililita 300, sukari gramu 70, unga wa nafaka gramu 35, mafuta ya kula gramu 20 na mchanganyiko wa madini, vyote vipikwe na kujazwa maji mpaka lita moja. Mtoto wa kilo sita aliyevimba sana anapewa mililita 50 kila baada ya saa mbili. Mililita 50 ni kama kikombe kidogo cha kahawa ya barazani tu, na hapo ndipo mama anapokasirika. “Mwanangu kaletwa hapa kwa njaa, nanyi mnampimia kwa matone?” Ana haki ya kuuliza. Nilikuwa nawajibu kwa jiko la mkaa, maana kila mmoja wao analo: jiko lililobaki na kaa moja jekundu ukilimwagia mkaa debe zima, linazimika. Unaweka vipande viwili, unapepea, unangoja.

Daktari angelieleza jambo hilohilo kwa madini. Mwili ulioshinda na njaa kwa miezi umezima kila kazi isiyo ya lazima. Moyo umepungua nguvu, ini halichakati protini kama zamani, chumvi imejaa ndani ya chembe hai na potasiamu imevuja nje. Chakula kingi kikiingia ghafla, madini machache yaliyobaki kwenye damu, fosfeti hasa, hukimbilia ndani ya chembe hai, na moyo unabaki bila kitu. Nimewaona bibi wakileta ugali na samaki ndani ya hotpoti kwa mapenzi matupu, mtoto akala kwa pupa, na kesho yake pumzi zikawa za shida. Siwalaumu. Hakuna aliyewaeleza walipofika getini kwamba siku chache za mwanzo chakula cha nyumbani kinaweza kudhuru, na kwamba zamu yake itakuja. Kumweleza mama na bibi ni sehemu ya dawa, na hospitali isiyotenga dakika kumi za kazi hiyo itailipia.

Lakini hatari kubwa kuliko ugali wa bibi ni dripu.

Mtoto anaharisha, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi. Kwa mtoto wa kawaida hizo ni dalili za kuishiwa maji, na kila aliyepita chuo cha afya anajua cha kufanya. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali dalili hizo zinapotosha. Macho yameingia kwa kukosa mafuta, na ngozi hairudi kwa sababu chini yake hakuna kitu. Ukimfungulia maji ya mshipani kwa kasi, moyo ule dhaifu hauwezi kuyasukuma, yanarudi kwenye mapafu, na mtoto anazama akiwa kitandani. Ndugu nao wanaitaka dripu. Wodini kwetu mgonjwa asiye na dripu huonekana hajatibiwa, na nimesikia wazazi wakiahidi hela ili mtoto “awekewe maji”. Ni vigumu kwa daktari kijana, usiku, mbele ya baba mwenye hasira, kusema hapana.

Mwaka 2003 Daktari Hanifa Bachou na wenzake walifuatilia watoto 220 waliolazwa kwa utapiamlo mkali katika hospitali ya Mulago, Kampala. Walikufa 52, karibu robo, na zaidi ya vifo saba kati ya kumi vilitokea wiki ya kwanza. Wakaangalia nini kiliambatana na vifo hivyo. Umri haukutofautisha, wala kuwa wa kike au wa kiume. Uvimbe na virusi vya ukimwi vilionekana kuongeza hatari, ingawa idadi haikutosha kuthibitisha. Kilichojitokeza wazi kilikuwa tiba yenyewe: kati ya watoto 52 walioongezewa damu walikufa 24, na kati ya 62 waliopewa maji ya mshipani walikufa 26. Msomaji makini atasema kwamba waliopewa damu na maji ndio waliokuwa wagonjwa zaidi, na ni kweli. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili kabisa. Hata hivyo, nilipousoma sikuhitaji kushawishiwa. Ulieleza wodi niliyoijua.

Miaka michache baadaye jibu lingine lilitoka karibu na kwetu zaidi. Jaribio lililoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi lilihusisha hospitali za Kenya na Uganda, na ya Tanzania ilikuwa Muheza, mkoani kwetu. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa: wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine wakapewa ya kawaida taratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya asilimia 10, wasiopewa asilimia 7.3. Watoto wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye jaribio lile. Kama maji ya haraka yaliwaua wasiokuwa na utapiamlo, basi sisi wenye watoto wa moyo dhaifu hatukuwa na sababu ya kuyakimbilia.

Kwa hiyo mtoto wetu anayeharisha hunyweshwa kwa kijiko au mrija, maji maalumu yenye chumvi kidogo na potasiamu nyingi, polepole, huku nesi akihesabu. Mapigo yakiongezeka kwa 25 kwa dakika na pumzi kwa 5, maji yanasimamishwa, kwa sababu moyo umeshaanza kuelemewa. Maji ya mshipani ni ya mtoto aliyepoteza fahamu kwa mshtuko wa damu, na hapo pia ni kwa kipimo na kwa kukaa naye. Damu ni ya yule ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 4 kwa desilita, au chini ya 6 akiwa anapumua kwa shida, mililita 10 kwa kilo, kwa saa tatu. Ikishapita siku ya kwanza, inangoja. Viganja vyeupe peke yake si sababu, na vidonge vya madini ya chuma havitolewi wiki ya kwanza kwa sababu vinaweza kuzidisha maambukizi.

Maambukizi ndiyo yanayojificha kuliko yote. Homa ni kazi, na mwili huu hauna nguvu ya kuifanya. Nimekuta mtoto ana nimonia bila joto, bila kukohoa sana, anapumua tu haraka kidogo kuliko jana. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kila mtoto wa aina hii aanzishiwe antibayotiki akilazwa, ampisilini na gentamisini, bila kusubiri homa. Na kila mmoja apimwe VVU, na kifua kikuu kitafutwe kwa maswali kama hakionekani kwa picha. Kwa mtoto asiyeongezeka uzito wakati anakula vizuri, jibu mara nyingi liko hapo. Tuhuma za kubemenda hufunika hili pia: familia inapogombana juu ya mwiko, hakuna anayeuliza kama baba amepima.

Nilitaja nesi mmoja mwenye wagonjwa arobaini. Hilo si lawama kwa nesi. Katika hospitali mbili za vijijini huko Eastern Cape, Afrika Kusini, Ann Ashworth na wenzake walifundisha mwongozo huohuo wa Shirika la Afya Duniani. Katika moja ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 25 hadi 18 mwaka 2000, kisha mwaka uliofuata vikapanda hadi 38, walipoletwa madaktari wapya ambao hawakufundishwa tiba ya utapiamlo. Kwetu pia uhamisho wa watumishi ulifanyika bila mtu kuuliza nani anabaki wodini anayejua kuchanganya F-75 saa nane usiku. Ningekuwa na sauti kwenye ofisi yoyote ya wilaya ningeomba kitu kimoja tu: wasimhamishe nesi wa utapiamlo kabla hajamfundisha mwingine, tena kwa zamu za usiku, si kwa semina.

Anayevuka wiki ya kwanza hubadilika mbele ya macho. Uvimbe unashuka, uzito unapungua kwanza na mama anashtuka, kisha siku moja mtoto anakasirika kwa sababu kikombe kimechelewa. Hasira hiyo huwafurahisha wauguzi kuliko kipimo chochote. Anahamishiwa maziwa mazito ya F-100 au chakula dawa cha karanga, anaanza kucheka, na wodi inataka kitanda.

Hapo anaruhusiwa, na kwenye rejista ya hospitali amepona. Mtandao wa watafiti uitwao CHAIN ulifuatilia zaidi ya watoto 3,000 waliolazwa kwa magonjwa mbalimbali, wenye utapiamlo na wasio nao, katika nchi sita za Afrika na Asia zikiwemo Kenya na Uganda. Matokeo yao ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa, ndani ya miezi sita. Na vilifuata njia za maisha ya mama pia, si za ugonjwa tu. Sikushangaa. Mama anarudi kwenye nyumba ileile yenye watoto wengine wanne, na paketi za chakula dawa ni tamu. Atamnyimaje kaka mtu anayelilia? Nauli ya kurudi kliniki wiki ijayo ni sawa na kibarua cha siku nzima. Mume yuko kambini kwenye mkonge. Kuharisha kukianza tena, anangoja.

Kwa hiyo siku ya ruhusa tuliigeuza ikawa ya maswali. Nani atakaa na hawa wengine siku ya kliniki? Nauli itatoka wapi? Maji mnachota wapi? Mama na bibi walipimishwa utepe wa mkono mbele yetu mpaka wakaweza wenyewe, wakaondoka nao. Mhudumu wa afya wa kijiji chao alipigiwa simu wakiwa bado wodini, akaambiwa jina la mtoto na siku ya kumtembelea, isizidi wiki ya kwanza, na akifika abonyeze miguu, apime mkono, aulize kuhusu kuharisha na aombe kuziona paketi zilizobaki. Nyuma ya kadi ya kliniki tuliandika namba ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu simu ya baba huwa shambani naye, na mara nyingi haina chaji.